Mtakatifu Giovanni Battista Scalabrini: Askofu Aliyewafuata Waamini Wake Ng'ambo ya Bahari

Askofu anapofanya ziara ya kichungaji hukagua mengi: vitabu vya ubatizo na vya ndoa, hali ya altare na tabernakulo, mafundisho ya katekisimu, mapato na matumizi ya parokia. Giovanni Battista Scalabrini, aliyewekwa wakfu kuwa Askofu wa Piacenza, kaskazini mwa Italia, tarehe 30 Januari 1876, aliyakagua hayo yote kwa bidii kubwa. Jimbo lake lilikuwa na parokia 365, nyingi zikiwa zimetawanyika juu ya milima ya Apenini, na zipo zilizofikiwa kwa mgongo wa nyumbu au kwa miguu tu. Huko milimani askofu huyu kijana, mwenye umri wa miaka 36, alikutana na hesabu ambayo haikuwa imeandikwa katika kitabu chochote cha parokia. Nyumba zilikuwa zimefungwa. Wazee walibaki na wajukuu. Ziara yake ya kwanza ilipokamilika, alijua kwamba takribani watu 28,000 wa jimbo lake, yaani zaidi ya mmoja katika kila kumi, walikuwa wamekwisha kuhama nchi.

Hapo ndipo linapoanzia swali lililomshughulisha maisha yake yote, na ambalo tunapenda kulitafakari pamoja nawe, ndugu msomaji, tunapoyasimulia maisha ya mtakatifu huyu. Mwamini anayehama anakuwa wa nani? Kwa utaratibu wa Kanisa, anayekaa katika jimbo jingine yuko chini ya uangalizi wa askofu wa huko. Scalabrini hakuupinga utaratibu huo, ila aliona kwamba kiutendaji mhamiaji aliangukia pengo lililokuwa katikati ya wachungaji wawili: wa kwanza alimhesabu kuwa amekwisha kuondoka, na wa pili hakuielewa lugha yake wala hakumjua jina. Yeye aliamua kwamba wajibu wa yule wa kwanza haukomi bandarini.

Alizaliwa tarehe 8 Julai 1839 huko Fino Mornasco, kijiji kilicho karibu na mji wa Como, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanane wa Luigi Scalabrini na Colomba Trombetta. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa divai, mtu wa kipato cha kawaida. Alipewa Daraja Takatifu ya Upadre tarehe 30 Mei 1863. Padre huyo kijana alitamani kwenda katika misioni za mbali, lakini askofu wake hakumruhusu, akimweleza kuwa misioni yake ilikuwa papo hapo nyumbani. Akafundisha katika seminari ndogo ya Sant'Abbondio, kisha akawa gombera wake, na mwaka 1870 akapewa parokia ya San Bartolomeo katika mji wa Como. Waamini wake wengi huko walikuwa wafumaji wa hariri, watu waliofanya kazi saa nyingi kwa ujira mdogo. Paroko aliwaanzishia watoto wao shule ya awali na kuwaandikia katekisimu ndogo iliyochapishwa mwaka 1875. Tunaitaja katekisimu hiyo kwa sababu wakati huo hakuna aliyemfikiria kuwa mtu wa wahamiaji. Alijulikana kwa katekisimu. Papa Pio IX alimpa heshima ya kuitwa mtume wa katekisimu, na mwaka 1889 kongamano la kwanza la kitaifa la katekesi nchini Italia lilifanyika Piacenza chini ya uongozi wake.

Jambo la kuhama, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kuingia nyumbani kwao. Ndugu yake Pietro alivuka bahari, akaishi na kufundisha huko Paraná, nchini Argentina. Askofu aliyeandika juu ya barua za wahamiaji alikuwa mtu anayejua maana ya kusubiri barua.

Kabla hatujafika baharini, yafaa kusema neno juu ya majira ya baridi ya mwaka 1879 kuamkia 1880. Mazao yalikuwa yameharibika, na njaa ikaingia Piacenza. Askofu alifungua jiko la supu katika makao yake, akauza farasi wake, na fedha zilipokwisha akauza kalisi ya thamani aliyozawadiwa na Papa Pio IX. Tangu hapo alikuwa akienda kwa miguu mahali ambapo watangulizi wake walikwenda kwa gari la farasi, na watu wa Piacenza waliyakumbuka hayo kwa muda mrefu kuliko walivyokumbuka hotuba zake. Katika miaka hiyohiyo alianzisha taasisi ya wasichana viziwi. Baadaye, mwaka 1903, alianzisha huduma kwa wanawake waliokwenda kila mwaka kung'oa magugu katika mashamba ya mpunga, wakisimama majini kutwa nzima kwa siku arobaini hivi, mbali na nyumbani na bila wa kuwatetea. Hao nao walikuwa wahamiaji, ingawa hawakuvuka mpaka wowote.

Kwa nini watu waliondoka? Italia ilikuwa imeungana na kuwa taifa moja miaka michache tu nyuma, na taifa jipya lilihitaji fedha. Kodi zilimwelemea mkulima. Iliyochukiwa kuliko zote ilikuwa kodi ya kusaga nafaka, iliyoanza kutozwa mwaka 1869, kwani ilimtoza maskini pale pale kinuni alipopeleka chakula chake. Katika miaka ya 1880 ngano ya bei nafuu kutoka Marekani ilijaza masoko ya Ulaya, na bei ya mkulima wa Italia ikaporomoka. Kaskazini, familia nyingi ziliishi kwa ugali wa mahindi, ambao wao huuita polenta, asubuhi na jioni, bila mboga wala nyama. Kwa hiyo ugonjwa wa pelagra ulienea, ukiharibu ngozi, kisha tumbo, kisha akili. Kati ya mwaka 1876 na 1915 watu takribani milioni 14 waliondoka Italia. Baadhi yao walirudi, wengine waliondoka tena na tena, na wengi hawakuonekana kamwe. Scalabrini alimsikia mkulima mmoja akieleza kwamba alikuwa amebakiwa na njia mbili tu, kuwa mwizi au kuhama, na kwa kuwa Mungu amekataza ile ya kwanza, alikuwa anafunga mizigo. Askofu anakiri kwamba hakuwa na la kumjibu.

Siku moja, katika miaka ya mwanzo ya uaskofu wake, alipita katika stesheni kuu ya reli ya Milano. Ukumbi, baraza za kando na uwanja wa mbele vilijaa watu wapatao mia tatu au mia nne, wengi wakiwa wamevaa nguo duni, nyuso zao zimekunjamana kwa jua na kwa shida. Walikuwamo wazee waliopinda migongo, wanaume wenye nguvu, wanawake waliowabeba wachanga, vijana na wasichana. Wote walikuwa wakisubiri treni ya kuwapeleka bandarini. Wengine waliitwa na ndugu waliotangulia. Wengine hawakujua waendako, ila walijua kwamba kuna mahali panaitwa Amerika. Treni ilipoondoka, askofu alibaki na uzito moyoni, akijiuliza ni wangapi wangedanganywa njiani, ni wangapi wangepata mkate na kupoteza imani, na ni nani angewazika. Tunayajua hayo kwa sababu aliyaandika mwenyewe mwaka 1887, katika kitabu kidogo juu ya uhamiaji wa Waitalia kwenda Amerika.

Kitabu hicho kinastahili kusomwa hata leo kwa sababu hakiishii kwenye huruma. Kimejaa takwimu, sheria, bei za nauli, na maelezo ya jinsi watu wanavyonaswa. Scalabrini aliona kwamba kuna uhamiaji wa aina mbili: ule ambao mtu anauamua mwenyewe akitafuta riziki, na ule unaotengenezwa na wanaopata faida kwa kila kichwa kinachopanda meli. Aliutetea uhuru wa mtu kuhama kwa nguvu zake zote, maana aliuhesabu kuwa haki aliyopewa na Muumba. Aliukataa kata kata uhuru wa wafanyabiashara kuwahamisha wenzao. Mawakala walipita vijijini siku za soko na siku za sherehe, wakiwa na picha za mashamba yenye rutuba na mikataba ambayo mkulima hakuweza kuisoma. Nchini Brazil utumwa ulifutwa tarehe 13 Mei 1888, na wenye mashamba makubwa ya kahawa ya São Paulo walihitaji mikono mingi haraka. Nauli za familia nzima zililipwa, na wakala alipata kamisheni yake. Familia ilipofika shambani ilijikuta inadaiwa duka la bwana shamba tangu siku ya kwanza. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu hapa. Ameshawaona mawakala wa ajira wanaowapeleka mabinti wetu Ghuba kufanya kazi za ndani, na anajua ni wangapi wamerudi bila mshahara, na ni wangapi pasipoti zao zilichukuliwa siku ya kufika.

Serikali ya Francesco Crispi ilipoleta muswada wa sheria ya uhamiaji, Scalabrini aliuchambua kifungu kwa kifungu katika barua ya wazi ya mwaka 1888 aliyomwandikia Paolo Carcano, mwanasiasa wa Como. Alitaka idadi ya mawakala ipunguzwe hadi kutoweka, alitaka kuwe na ulinzi bandarini na melini, na alitaka mapadre waruhusiwe kuwafuata wahamiaji. Alishindwa. Sheria ya Desemba 1888 iliwapa mawakala leseni na kuwaacha waendelee. Hakunyamaza. Alizunguka Genova, Roma, Firenze, Torino, Milano na Lucca akitoa mihadhara, akieleza hadharani ajali, udanganyifu na vifo. Miaka 12 baadaye, tarehe 31 Januari 1901, Bunge lilipitisha sheria nyingine iliyowaondoa mawakala, ikaanzisha Kamisheni ya Uhamiaji, ikaagiza pawepo daktari wa serikali katika meli za wahamiaji na mfuko wa kuwasaidia. Sheria hiyo haikuwa kazi ya mtu mmoja, lakini wanahistoria hawawezi kuieleza bila kumtaja askofu wa Piacenza.

Tukumbuke mazingira. Tangu majeshi ya Italia yalipoiteka Roma mwaka 1870, Kiti Kitakatifu kilikuwa katika mgogoro na serikali, na Wakatoliki wa Italia walikatazwa kushiriki uchaguzi wa Bunge. Askofu aliyewaandikia wanasiasa, akakaa nao katika kamati na kuomba sheria kutoka kwao, alitazamwa na wenzake wengi kama mtu anayefanya urafiki na adui. Scalabrini alikuwa miongoni mwa waliotamani mapatano kati ya Kanisa na taifa, na kwa ajili hiyo alishambuliwa vikali katika magazeti ya Kikatoliki na hata na baadhi ya mapadre wa jimbo lake. Tunaamini mashambulizi hayo yalimuumiza kuliko alivyoonyesha. Lakini maskini waliokuwa stesheni hawakuweza kusubiri mgogoro huo umalizike. Ulikuja kumalizika mwaka 1929.

Kwa kibali cha Papa Leo XIII, tarehe 28 Novemba 1887 Scalabrini alianzisha Shirika la Wamisionari kwa ajili ya wahamiaji, lililowekwa baadaye chini ya ulinzi wa Mtakatifu Carlo Borromeo. Tarehe 12 Julai 1888 aliwaaga wamisionari wa kwanza. Wengine walielekea Marekani, wengine Brazil. Mwanzoni waliahidi kutumika kwa miaka mitano tu. Mpango huo ulikuwa na udhaifu wake: mmisionari alianza kuijua nchi na watu wake, na papo hapo muda wake ulikuwa ukiisha. Pembeni ya mapadre aliweka walei. Ujerumani ilikuwa na chama cha Mtakatifu Rafaeli kilichoanzishwa na mfanyabiashara Peter Paul Cahensly mwaka 1871 ili kuwasaidia wahamiaji bandarini, na Scalabrini hakuona aibu kuuiga mfano huo. Wanachama wake waliwapokea watu Genova na New York, wakawaonyesha nyumba za wageni zisizo za wezi, wakawatafutia kazi, wakawasaidia wagonjwa na wajane.

Bandari ya Genova yahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu huko ndiko umaskini ulikogeuzwa kuwa biashara. Familia zilifika siku kadhaa kabla ya meli, mara nyingi kwa sababu wakala aliwaelekeza hivyo kwa makusudi, ili wenye nyumba za kulala wawakamue kilichobaki. Waliuziwa dawa za uongo, nguo zisizofaa, na hata tiketi za meli zisizokuwapo. Mwaka 1894 Scalabrini alimweka pale Padre Pietro Maldotti, mtu mkali asiyependa maneno mengi. Maldotti alizunguka gatini tangu asubuhi, akawafichua matapeli kwa majina, akawafuata polisi ofisini mpaka wakaona ni afadhali kufanya kazi yao kuliko kumwona tena. Alitishwa na kusingiziwa, wala hakuondoka.

Kati ya waliomsikiliza Scalabrini akihutubia Lucca mwaka 1892 alikuwamo Giuseppe Marchetti, kijana aliyekuwa katika mwaka wa kupadrishwa kwake. Baadaye, alipokuwa akihudumu katika parokia ndogo ya Compignano, aliona waamini wake wakiondoka kwa makundi, akawasindikiza mpaka Genova, na alipoiona bandari hakuweza tena kukaa kwa amani. Alijiunga na wamisionari wa Scalabrini, akaanza kusafiri katika meli za wahamiaji kama padre wao. Katika moja ya safari hizo mama kijana alifariki baharini, akamwacha mtoto mchanga na mume aliyekata tamaa kiasi cha kutaka kujitupa majini. Marchetti alimwahidi mume huyo kwamba angemtunza mtoto. Meli ilipofika Rio de Janeiro alishuka na mtoto mikononi, akagonga mlango hadi mlango, na mwishowe bawabu wa nyumba moja ya watawa akakubali kumpokea. Kisha akaenda São Paulo, na kwenye kilima cha Ipiranga akaanza kujenga makao ya yatima.

Yatima wanahitaji akina mama. Marchetti alirudi Italia akamwomba mama yake mzazi, Carolina, na dada yake, Assunta, aliyekuwa anafikiria kuingia utawa wa ndani. Tarehe 25 Oktoba 1895, huko Piacenza, mama na binti yake pamoja na wasichana wengine wawili waliweka nadhiri mbele ya Scalabrini, na siku mbili baadaye walikuwa melini. Ndivyo lilivyozaliwa Shirika la Masista Wamisionari wa Mtakatifu Carlo. Marchetti alikuwa ameweka nadhiri ya pekee ya kutopoteza hata robo saa moja. Tukiitazama kalenda yake tunaelewa kwa nini mwili wake haukuhimili: tarehe 14 Desemba 1896, akiwa na umri wa miaka 27, alifariki kwa homa ya tifasi aliyoambukizwa alipokuwa akiwahudumia wagonjwa. Assunta alibaki na yatima kwa zaidi ya miaka 50, akatangazwa Mwenyeheri mwaka 2014 huko São Paulo.

Wasomaji wengi wanalijua jina la Mtakatifu Francesca Cabrini, msimamizi wa wahamiaji. Yeye alitamani China. Scalabrini alimsihi aelekee New York, Papa Leo XIII naye akamwelekeza magharibi badala ya mashariki, na mwezi Machi 1889 Cabrini na masista wake walifika huko. Ushirikiano wao na wamisionari wa Scalabrini haukuwa rahisi: hospitali waliyoiendesha pamoja New York ilizama katika madeni, na Mama Cabrini akaona afadhali kuanzisha ya kwake. Watakatifu nao hutofautiana juu ya fedha na mamlaka.

Kulikuwa na jambo jingine lililoleta ubishi mkubwa, nalo ni lugha. Baadhi ya viongozi wa Kanisa nchini Marekani walitaka wageni waache haraka lugha za kwao ili Kanisa lisionekane la kigeni. Scalabrini alitaka mhamiaji ajifunze lugha ya nchi iliyompokea na kutii sheria zake, lakini aungame dhambi zake na kufundishwa sala katika lugha aliyolelewa nayo. Aliona kwa macho yake kwamba aliyenyang'anywa lugha ya mama yake mara nyingi aliacha kusali kabisa. Katika hili tunadhani historia imempa haki. Lakini tusifiche kwamba maandishi yake ya miaka ya mwanzo yana sauti ya utaifa inayomshtua kidogo msomaji wa leo: dini na taifa la Italia vinatajwa kwa pumzi moja, na makoloni ya wahamiaji yanasifiwa kama utukufu wa nchi. Alikuwa mtu wa karne yake. Kilichombadilisha, kwa maoni yetu, ni safari zake mwenyewe.

Tarehe 18 Julai 1901 alipanda meli Genova, akiwa na umri wa miaka 62. Melini aliwafundisha watoto katekisimu na kuwatembelea wasafiri wa daraja la tatu. Kwa zaidi ya miezi mitatu alizunguka Marekani, kutoka New York na Boston hadi Cleveland, Detroit, Kansas City na St. Louis, akihubiri mara kadhaa kwa siku katika makanisa ya wafanyakazi wa reli, wa migodi na wa viwanda. Alipokelewa pia na Rais Theodore Roosevelt. Katika nchi hiyo aliwaona Waitalia wakikaa jirani na Wapolandi, Waayalandi, Wajerumani na Wasiria, wote wakiwa na majeraha yaleyale. Mwaka 1904 alikwenda Brazil, ambako alikaa miezi kadhaa São Paulo, Paraná na Rio Grande do Sul, akipanda farasi na nyumbu kufika katika vijiji vya wakulima ambavyo havikuwa vimeona askofu tangu viasisiwe. Watu walisafiri siku nzima ili watoto wao wapate Kipaimara. Alikwenda pia Argentina, kisha akarudi Piacenza mwezi Desemba akiwa amechoka na mgonjwa, na akaanza kupanga ziara ya sita ya kichungaji ya jimbo lake.

Matunda ya safari hizo yamo katika waraka aliompelekea Papa Pio X mwezi Mei 1905. Humo hakuzungumzia tena Waitalia peke yao. Aliomba Kiti Kitakatifu kiunde tume ya kudumu kwa ajili ya wahamiaji Wakatoliki wa mataifa yote, ambayo ingechunguza hali zao, ingewahimiza maaskofu wa nchi wanazotoka na wanazofikia, na ingewaandaa mapadre wa lugha mbalimbali. Mwezi huohuo ugonjwa alioubeba kwa miaka mingi ulimlazimu kufanyiwa upasuaji, na moyo wake haukuhimili. Alifariki dunia tarehe 1 Juni 1905, Sherehe ya Kupaa Bwana.

Waraka wake haukufa. Mwaka 1912 Pio X aliunda ofisi maalumu ya wahamiaji katika Idara ya Kiti Kitakatifu iliyoshughulikia maaskofu. Mwaka 1914, chini ya Papa Benedikto XV, maaskofu wa Italia waliagizwa kuweka siku moja kila mwaka ya kuwaombea na kuwachangia wahamiaji, na huo ndio mwanzo wa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani, ambayo leo tunaiadhimisha Dominika ya mwisho ya Septemba. Mwaka 1952 Papa Pio XII alitoa Katiba ya Kitume iitwayo Exsul Familia, na mwaka 1963 Papa Yohane XXIII, katika Pacem in Terris, aliitaja haki ya kuhama kati ya haki msingi za binadamu. Kabla yao wote Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alikuwa amefundisha kwamba hakuna ambaye angeiacha nchi yake kama ingempa maisha ya kustahimilika. Sehemu hizo mbili za mafundisho, haki ya kuhama na haki ya kutolazimishwa kuhama, mara nyingi hutenganishwa na wanasiasa wa pande mbili wanaozivuta kila mmoja kwake. Kwa Scalabrini zilikuwa kitu kimoja, kwa sababu alikuwa amewaona watu walewale kijijini kwao kabla ya kuondoka, na katika mashamba ya kahawa baada ya kufika.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenyeheri tarehe 9 Novemba 1997. Papa Fransisko, bila kudai muujiza wa pili, alimwandika katika orodha ya Watakatifu tarehe 9 Oktoba 2022, pamoja na Artemide Zatti, bruda wa Shirika la Wasalesiani na mwuguzi wa maskini huko Patagonia. Zatti alizaliwa Boretto, mji mdogo kando ya mto Po, upande wa chini wa Piacenza. Wazazi wake walikuwa wakulima waliolemewa na umaskini, na mwaka 1897, yeye akiwa na umri wa miaka 16, familia yote ilivuka bahari hadi Bahía Blanca, Argentina. Huko walikuta parokia ya Wasalesiani, na paroko wake, Padre Carlo Cavalli, alizungumza lugha yao.